Mwaka Tulioacha Petroli

Mume wangu alinitangazia kwamba tunauza pikapu siku ya Jumapili, tukitoka kanisani, mbele ya watu, na hapo nikajua ameshaamua. Jambo analolifikiria bado huniambia nyumbani. Jambo alilokwisha kuamua huniambia mahali ambapo siwezi kumjibu.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, ya petroli, na tulikuwa nayo kwa miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha siku nyingi, kwa sababu biashara ni yangu. Hununua kabeji, viazi na ndizi kwa wakulima wa Nunguni, kule juu milimani Makueni ambako mvua haijawasahau watu, nikazileta Kabati tunakoishi. Mara moja kwa wiki huenda mpaka Zombe, upande wa jua kali, na kule kabeji ya kijani huangaliwa kama mgeni. Nikirudi hubeba ndengu na mbaazi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na watu wote humwita Mwalimu, hata mimi. Alipostaafu alikosa wa kuwafundisha, akaanza kunifundisha mimi kazi yangu.

Habari ya dizeli aliitoa kwenye ushirika wa wanaume kanisani. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye lori la kubeba mchanga, na huyo aliwaambia wenzake kwamba gari la petroli ni kama ng'ombe anayemaliza shamba zima halafu anatoa maziwa ya paka. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa amejaa maneno hayo. Alinieleza nguvu ya dizeli, subira ya dizeli, jinsi injini ya dizeli inavyozeeka pamoja na mwenyewe.

"Dizeli ni mafuta ya watu wazima," aliniambia. "Petroli ni ya watu wa kwenda harusini."

Nilimwambia kwamba pikapu haijawahi kuniacha njiani. Huo haukuwa ukweli wote. Ilikuwa imeniacha mara mbili kwenye mlima, maji yakichemka, na ile miezi kabeji zinapokomaa kwa pamoja nililazimika kwenda Nunguni mara mbili kwa mzigo ambao lori dogo lingeumaliza kwa safari moja. Mwalimu alilijua hilo na alijua kwamba nami nalijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kutangaziwa mbele ya kwaya nzima ni kitu kingine.

Kosa la kwanza lilikuwa kuuza kabla ya kununua. Nilimwambia tutafute lori kwanza, akasema mtu hafungi ng'ombe wawili kwenye kamba moja. Pikapu ikachukuliwa na jirani yetu anayefuga kuku, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Basi kila asubuhi, nikiwa jikoni nachemsha chai, niliisikia ikiwashwa. Mzunguko mmoja wa ufunguo, imeshika, imeondoka na mayai ya watu. Mimi nami nilikuwa nimesimama bila gari. Kwa mwezi mzima nilisafiri na mizigo ya wengine, nikibembeleza madereva waniuzie nafasi katikati ya magunia yao, na kabeji zangu zikifika zimepondwa kama nguo za mitumba. Wateja wa Zombe waliniuliza kama siku hizi nauza sukuma wiki.

Nilipolalamika, Mwalimu alisema mambo mazuri hayana haraka.

Lori alilipata kwa simu. Dalali mmoja katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa alimtumia picha, na Mwalimu akazitazama mpaka betri ya simu ikaisha. Lilikuwa lori dogo lenye kabini ya buluu, limetumika lakini halikuwa limechakaa sana, na bodi yake ya mbao ilikuwa imepakwa rangi mpya. Tuliondoka Kabati kabla ya jua kuchomoza na saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika kwenye uwanja wa dalali huyo. Alikuwa mtu mwenye viatu vinavyong'aa ambaye hakukanyaga vumbi bali alilirukaruka. Alitwambia lori halijawashwa tangu juzi, kwa sababu yeye huwa hapendi kuwasha magari ovyo.

Dalali alipokwenda kutafuta ufunguo, nilipitisha mkono chini ya kabini, karibu na injini. Niliuondoa haraka. Nikamvuta Mwalimu kando nikamwambia kwa Kikamba kwamba injini ni moto.

"Katika mji huu hata mawe ni moto," alinijibu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa bado nimejifunga shuka mabegani kwa baridi.

Dalali alirudi, akapanda, akazungusha ufunguo mara moja tu. Lori likanguruma mpaka kuku waliokuwa wakichakura pale wakatawanyika. Mwalimu alitabasamu jinsi alivyokuwa akitabasamu zamani mwanafunzi wake alipoitwa shule ya sekondari. Kufikia saa sita tulikuwa tumeshasaini kila kitu na tuko njiani kurudi, yeye kwenye usukani. Katika ujana wake, kabla ya kusomea ualimu, alikuwa ameendesha lori la chama cha ushirika, na leseni yake ya malori aliitunza kama cheti cha ndoa. Njia nzima aliniomba nisikilize sauti ya injini. Sikuwa na namna ya kutoisikiliza. Ilikuwa ikinitikisa meno.

Asubuhi iliyofuata lori halikuwaka. Mwalimu alizungusha ufunguo, likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena. Kwa jirani, pikapu ikashika mara moja na kwenda zake. Mwalimu alijifanya hakusikia.

Tulimwita fundi. Huyu ni mtu wa makamo, mpole, ambaye karakana yake ni paa la mabati lililoegemea kinu cha kusaga mahindi pale Kabati, na kwa sababu ya kelele za kinu amezoea kuzungumza kwa sentensi fupi. Alifungua, akapima kwa waya na balbu ndogo, kisha akatueleza taratibu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Yenyewe huibana hewa mpaka hewa ipate moto, na mafuta yakinyunyiziwa humo yanajiwasha. Lakini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa, inahitaji kupashwa kwanza, na kazi hiyo hufanywa na hita plagi. Yetu ilikuwa nazo nne. Tatu zilikuwa zimekufa zamani.

"Waliipasha moto kabla hamjafika," fundi alisema, akimtazama Mwalimu. "Ikiwa moto inawaka tu. Ndiyo wanavyofanya."

Mwalimu alianza kuzungumzia hali ya hewa ya mwaka huo. Mimi nilikuwa na neno moja kooni, nalo lilikaa hapo wiki nzima nikiwa nalimeza na chakula. Sikulisema. Nilifikiri nikilisema nitakuwa nimelitumia, na kitu kama hicho ni vizuri mtu akiweke akiba.

Hita plagi zikabadilishwa, na tukaanza kazi. Ni lazima niseme haki. Lori lilibeba. Mzigo uliokuwa safari mbili ukawa safari moja na nafasi ikabaki. Mlimani lilipanda polepole, kwa hasira, lakini halikuchemka, na mafuta yalikwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Mwalimu alikuwa akiniangalia kwa pembeni kila tulipopita mahali pikapu ilipokuwa ikisimama kupoa, akingoja niseme kitu. Nilitazama milima.

Safari ya tano au ya sita, goti lake lilikataa. Klachi ya lori lile ilikuwa nzito kama mlango wa ghala, na goti lake la kushoto lilikuwa na ubishi wake wa zamani. Tulikuwa tukirudi kutoka Nunguni, tumeshapita Machakos, tukiwa kwenye foleni nyuma ya trela lililoharibika. Klachi, gia, mbele hatua moja, klachi tena. Nilimwona akianza kutoa jasho juu ya mdomo. Aliendelea kuendesha mpaka tulipofika nyumbani, akafungua mlango, akashuka, na mguu ukamkunjika akaketi chini kwenye vumbi. Daktari alilipiga picha goti akasema kusukuma klachi nzito kumekwisha. Kutembea, sawa. Kwenda kanisani, sawa.

Basi tulikuwa na lori, na dereva wetu alikuwa amekatazwa kuliendesha. Leseni yangu mimi ilikuwa ya magari madogo. Mwalimu alipendekeza tuajiri mtu. Nikakataa, kwa sababu nimewaona madereva wa kuajiriwa wanavyokimbiza gari lisilo lao kwenye mashimo. Nikasema nitasomea.

Nilikuwa na miaka hamsini na minane. Darasani Kitui nilikaa na vijana ambao walinipisha kiti na kuniita susu, kama mtu anavyomwita nyanya yake. Kuendesha lori hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni ule ubao. Wanao ubao mezani, umechorwa mji mzima juu yake, barabara, vivuko na mzunguko wa magari katikati, na mtahiniwa anapewa kigari cha kuchezea akisukume kwa kidole huku akieleza anakokwenda. Mimi niliyeshuka milima ya Nunguni kwenye ukungu na matope, na mzigo nyuma yangu, nilishindwa na kigari cha plastiki. Afisa aliuliza kwa nini sijaonyesha ishara kabla ya kukata kulia. Nikamwambia kigari hakina taa. Vijana walicheka. Afisa hakucheka, akaniambia nirudi mtihani ujao.

Nikarudi. Wiki zote hizo lori lilisimama uani, kuku wakitaga chini yake, na Mwalimu alinifanyisha mazoezi ya ubao juu ya meza yetu ya chakula. Alichora mzunguko kwa chaki na kunipa kibiriti nikisukume. Ilikuwa zamani sana tangu nimwone na furaha kiasi hicho. Aliniambia nitamke, nisinung'unike. Aliniambia mtahini hapimi akili, anapima ishara. Nilitaka kumrushia hicho kibiriti, lakini mtihani niliupita.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza peke yangu na lori kwenda Zombe. Nilikuwa nimepakia kabeji, nimezifunika kwa turubai, na Mwalimu alisimama langoni na fimbo yake akinipa maagizo mpaka vumbi likamfunika. Nje kidogo ya mji wa Kitui niliingia kituo cha mafuta. Nilikuwa nimechangamka. Nilikuwa nimekaa juu kabisa, leseni mpya mkobani, na wanaume wawili kwenye pikipiki walikuwa wamegeuza shingo kunitazama. Mhudumu, mwanamke wa rika la binti yangu mkubwa, alikuja dirishani akauliza niwekewe nini.

"Petroli," nikasema.

Alilitazama lori, kisha akanitazama mimi. "Petroli, mama?"

Hapo ndipo ninapojilaumu. La kwanza lilikuwa la mazoea. Miaka kumi na tisa mdomo ulikuwa ukisema neno lile lile mahali pale pale. Lakini la pili lilikuwa la kiburi. Niliona ananiuliza mara mbili kwa sababu mimi ni mwanamke mzee kwenye lori, kwamba anadhani sijui ninachoendesha.

"Nimesema petroli," nikamjibu, na nikatazama mbele.

Akaijaza.

Lori lilikwenda vizuri kwa muda, kwa dizeli iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta, nadhani. Nilikuwa hata nimeanza kuimba. Kisha, upande wa kwenda Zombe, mahali barabara inapopanda kidogo kati ya vichaka vya miiba, nikasikia mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Nikakanyaga mafuta, halikuitika. Nikashusha gia. Likatetemeka, likaja kusimama lenyewe kando ya barabara, kimya. Nikazungusha ufunguo. Nikauzungusha tena. Halafu nikakitafuta kile kikaratasi cha risiti nione ni lita ngapi, maana nilidhani labda wamenipunja mafuta, na hapo nikalisoma lile neno.

Nilikaa na kile kikaratasi mapajani. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumpata. Yule mwanamke alikuwa ameuliza mara mbili.

Nilimpigia Mwalimu. Nilimweleza yote, hata la mara ya pili, kwa sababu nilijua nikimficha atalipata kwa maswali.

"Usiliwashe tena," akasema. "Nakuja."

Alichukua zaidi ya saa mbili. Jua lilikuwa limeshapanda, na nilianza kuwaza kabeji. Kabeji iliyofungiwa chini ya turubai kwenye joto la upande ule huanza kuiva yenyewe. Nikafunua turubai, nikashusha za juu, nikazipanga kwenye kivuli cha lori. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na punda wa maji akauliza kama nauza. Nikasema nauza. Akaenda akawaita wenzake, wakaja kutoka vichakani kwa njia ambazo sikujua zipo, wengine na mabeseni, na muda si mrefu palikuwa na soko dogo kando ya barabara. Walinipa pole. Mmoja aliniuliza gari lina ugonjwa gani, nikasema limekula kitu kibaya.

Mwalimu alifika kwa boda boda, watu watatu juu ya pikipiki moja, dereva mbele, fundi nyuma akiwa amekumbatia mkoba wa spana na mtungi wa dizeli, na Mwalimu katikati, ule mguu mbovu ukiwa umenyooka nje kama fimbo nyingine. Alishuka kwa shida. Fundi alikwenda moja kwa moja chini ya lori bila kuniuliza chochote, jambo ambalo nilimshukuru kwalo. Mwalimu aliwasalimu wale akina mama, akanunua kwa mzaha kabeji moja ambayo ilikuwa yake mwenyewe, kisha akaketi juu ya jiwe karibu nami.

Nilingoja mhadhara. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa mbili, nina majibu ya kila kitu. Nilikuwa na lile neno la injini ya moto, nililoliweka akiba miezi yote, na siku ya kulitumia ilikuwa ndiyo hiyo.

"Alikuuliza mara mbili?" akasema.

"Mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Akachimba ardhi kwa fimbo. Tulisikia fundi akifungua koki ya tangi na mafuta yakianza kumwagika ndani ya beseni la kuazima, na harufu ya petroli ikatufikia.

"Ile injini ilikuwa moto," akasema Mwalimu.

Nilidhani anazungumzia ya siku hiyo. Nikamwambia kwamba sikuiwasha tena.

"Siyo leo. Siku ile tulipolinunua. Niliigusa kabla yako, ulipokuwa ukinywa maji pale langoni. Nilijua."

Nilimgeukia. Alikuwa akitazama kabeji.

"Ulijua, na ukaniambia mawe ya mji ule ni moto?"

"Nilikuwa nimeshampa yule mtu neno langu kwa simu. Na nilikuwa nimeshakutangazia kanisani. Ningerudi vipi pale Jumapili bila pikapu na bila lori?" Akachimba tena kwa fimbo. "Nilitumaini ni kitu kidogo. Nisamehe, Mama."

Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa sijalisikia neno hilo la kuomba msamaha kutoka kwake isipokuwa akiwa amefumba macho akimwambia Mungu. Nilitaka kumkasirikia. Ilikuwa haki yangu, na nilikuwa nimeingoja. Nilifikiria ule mwezi wa kubembeleza madereva, ile wiki niliyotembea na neno kooni nikiamini kwamba yeye ni mjinga tu, kumbe alikuwa mwoga. Lakini kila nilipotaka kuanza, ile harufu ya petroli niliyoiomba kwa kinywa changu mara mbili ilinijia puani. Nikamwambia kwamba akirudia jambo kama hilo nitahamia kwa dada yangu Zombe. Akasema sina dada Zombe. Nikamwambia nitamtafuta.

Fundi alituita. Tangi lilikuwa tupu, amelisuuza kwa dizeli kidogo, amebadilisha chujio, na sasa alinitaka mimi, si Mwalimu. Aliniambia nipande kwenye gurudumu niinamie injini.

"Huko unakokwenda mimi sitakuwepo, mwaitu," alisema, akiniita mama yake kwa lugha yetu. "Shika hapa."

Alinionyesha pampu ndogo ya mkono juu ya chujio, na nati ya kulegeza. Dizeli ikiingiliwa na hewa haiendi. Ni lazima hewa itolewe yote. Nikalegeza nati, nikapiga pampu kwa dole gumba. Kwanza ilitoka hewa tupu, kisha povu, kisha mafuta yenye mapovu machache, na yeye alikuwa akisema bado, bado. Dole lilianza kuwaka moto. Mikono yangu ilijaa mafuta mpaka kwenye viwiko na nguo yangu nzuri ya safari ikapata doa ambalo liko mpaka leo. Mapovu yakaisha, mafuta yakatoka safi. Nikakaza nati.

Dereva wa boda boda aliuomba ule mchanganyiko uliotolewa tangini, akidhani petroli ni petroli. Fundi alimkatalia, akamwambia utaiua pikipiki yake na sisi sote tutarudi kwa miguu.

Lori lilichukua muda mrefu kuwaka. Likatetemeka, likazima, likatetemeka tena, kisha likashika, na moshi mweupe ukafunika barabara mpaka wale akina mama wakajifunika pua kwa kanga. Fundi alisikiliza kwa dakika nyingi, kichwa kimeinama, kisha akasema tumebahatika, pampu haijafa. Akapanda boda boda akarudi Kabati. Mwalimu alipanda kabini pamoja nami.

Tulifika Zombe soko likifunga. Wateja wangu wa kawaida walikuwa wameshaondoka, na zile kabeji zilizobaki zilichukuliwa na mama mmoja mwenye hoteli, ambaye alizibonyeza moja moja na kuniuliza kama nimezipika njiani.

Kesho yake Mwalimu alitoa kopo la rangi nyekundu akaandika DIZELI kwenye kifuniko cha tangi, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zikiwa na urefu mmoja. Akaandika tena kwenye mlango, upande wa ndani, mahali ambapo dereva hawezi kukosa kuona. Halafu, kwa sababu rangi ilikuwa imebaki, akaandika juu ya dashibodi NGOJA TAA IZIME, maana asubuhi huwa na haraka nikazungusha ufunguo kabla ile taa ndogo haijazima kuonyesha kwamba hita plagi zimemaliza kazi. Ninaendesha darasa. Wahudumu wa vituo vya mafuta huyasoma maandishi hayo na kunitazama, na mimi hutazama mbele kama zamani, ila sasa hunyamaza na kuwaacha waulize hata mara tatu.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia kuhusu lori, wala mzee wa mchanga wala Mwalimu, ni kwamba lori halina kisingizio. Pikapu mtu akiiomba unamwambia imejaa, na anaona kweli imejaa. Lori haliwezi kujaa machoni pa watu. Nimebeba viti na hema za mazishi matatu. Nimebeba kabati la bibi harusi, mabati ya darasa, matofali ya nyumba ya mchungaji na mizinga ya nyuki ambayo niliambiwa haina nyuki. Ilikuwa nao. Jirani wa kuku alikuja kuniomba nimbebee chakula cha kuku kutoka mjini kwa sababu pikapu ilikuwa imechemka. Nilimbebea. Sikusema kitu kuhusu pikapu, na Mungu anajua nilivyojizuia.

Mwezi wa saba, kwaya ilialikwa kuimba kwenye kanisa moja upande wa Zombe, na kiongozi wao, mwanamke asiyekubali kukataliwa, akaja jikoni kwangu akasema wamekubaliana kwamba watapanda lori. Nilimwambia lori ni la kabeji. Akasema wataweka mabenchi. Nikasema litawachafua sare zao. Akasema wataweka turubai chini ya mabenchi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka Nunguni siku iliyotangulia, ambako kulikuwa na baridi kali kiasi kwamba nilingoja ile taa ya hita mara nne kabla ya injini kukubali, wakulima wakinizunguka na kunipa ushauri wa kila namna. Nikakubali ili atoke jikoni.

Tuliondoka alfajiri Jumapili. Nyuma waliimba, wakigongwa na kila shimo na kuanza tena ubeti pale walipoukatia. Mwalimu alikaa kando yangu na goti limefungwa kitambaa cha sufu, fimbo kati ya miguu. Tulipopita Kitui alinieleza kwamba naingiza gia ya tatu mapema. Baadaye kidogo alinieleza kwamba naichelewesha. Nilimwambia achague moja. Barabara ikanyooka, jua likaanza kupenya kwenye kioo, na kilomita kadhaa zilipopita bila yeye kunisahihisha nikamgeukia kutazama kama amekasirika. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mlango, ukingo wa kofia umemshukia puani, anakoroma kwa kushindana na injini.

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akilala kwenye gari nikiendesha mimi. Kwenye pikapu alikuwa akishika dashibodi kwa mikono miwili.

Ilinikera, maana yeye peke yake ndiye aliyeelezwa njia ya hilo kanisa, na tulikuwa tumefika mahali barabara inapogawanyika. Niliinua mkono nimwamshe. Kisha nikaushusha, nikasimamisha lori bila kulizima, nikateremsha kioo na kumwuliza mwanamume mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Akanionyesha upande wa kushoto. Nikamshukuru, nikawasha ishara ya kushoto ingawa hapakuwa na mtu mwingine barabarani, nikakata kona.